Boksi zima la Mr. Bean: kumbe tulikuwa tunaangalia vipande tu

Dada yangu anaishi Minnesota, na kila akikaribia kuja likizo anauliza mnataka niwaletee nini, wenzangu wanataja simu na viatu, mi safari hii nikamwambia niletee Mr. Bean. Akacheka weee, akasema we mtu mzima una watoto wawili, na hiyo si ipo YouTube bure? Nikamwambia ilete hivohivo. Basi kaja nayo, boksi la The Whole Bean, lile toleo la miaka 25 lililotoka 2015, diski nne ndani, na tumemaliza kuliangalia lote juzi mi na mama yangu na wanangu, ndo nimekaa kuandika maana kuna vitu mtu avijue kabla hajaagiza, na kuna kingine sikukitegemea kabisa nitakuja nacho huko mbele.

Tuanze na kero. Diski za DVD zimegawanywa kwa maeneo ya dunia, wanayaita rijini, na deki ya eneo moja inaweza kukataa diski ya eneo lingine. Ukinunua diski ya Marekani ujue ni rijini 1, sisi huku tuko rijini 5, kwa hiyo nimeichomeka kwenye deki kwa mbwembwe zote, watoto wamekaa mkao wa kula, mama kavaa miwani, deki ikazunguka ikazunguka ikagoma. Aibu. Dada akanitazama kwa lile jicho la "nilikwambia". Bahati nzuri hapa mtaani kuna fundi wa redio, akaja akaomba rimoti, akabonyeza namba fulani ikatokea menyu ambayo mi na deki yangu tumeishi miaka sita sijawahi kuiona, dakika mbili ikakubali. Deki nyingi za Kichina ziko hivo, zinasoma kila kitu ila zimefungwa tu. Kama unatumia laptop ya zamani yenye sehemu ya diski kuwa makini, ile inakuruhusu kubadili rijini mara tano tu, ukifika ya tano imeganda hapohapo milele, usiwaachie watoto wakachezea.

Kingine cha kifundi alafu niachane nacho: kipindi kilirekodiwa Uingereza kwa mfumo wa picha za TV unaoitwa PAL ambao ndo na sisi tulikuwa tunautumia, hili boksi la Marekani limegeuzwa kwenda NTSC, mfumo wa Wamarekani, kwa hiyo kamera ikiwa inatembea unaona picha inaruka kidogo. Mama hajaona, mi nimeona kwa sababu nilikuwa naitafuta. Mwenye ndugu Uingereza aagize ya kule, rijini bado itamsumbua maana wao ni 2 lakini picha itakuwa haijapinduliwa pinduliwa. Na picha ni ya mraba, ya enzi za TV za chogo, kwenye flati inaacha nyeusi pembeni huku na huku. Mwanangu mkubwa akabonyeza ijae kioo, Bean akawa bonge, nikamwambia rudisha haraka, vichekesho vya huyu jamaa viko kwenye mwili wake, ukimnenepesha umemuua.

Rangi ziko safi lakini. Wameisafisha kweli. Ile gari yake ndogo, Mini, ya kijani cha ndimu yenye boneti nyeusi, mi miaka yote nilidhani ni ya kijivu.

Nilidhani hivo kwa sababu Mr. Bean nimemjulia banda la video, Tanga, Ngamiani, nikiwa shule ya msingi. Kiingilio shilingi hamsini, benchi za mbao, pazia ni kanga mbili zimeunganishwa, na kanda ya VHS iliyokuwa imerekodiwa kutoka kanda nyingine iliyorekodiwa kutoka kanda nyingine, ikifika sehemu inayopendwa inatikisika kwa sababu mwenye banda karudisha nyuma mara mia. Bara huku televisheni imeingia 1994, wenzetu Zanzibar walikuwa na yao ya rangi tangu 1973, kwa hiyo kwa sisi wengi banda ndo ilikuwa TV. Ratiba ilikuwa ni mapigano mchana, Kihindi jioni, na Mr. Bean anawekwa katikati kuziba pengo mkanda mkubwa ukiwa unarudishwa mwanzo kwenye mashine nyingine. Yani alikuwa kama karanga za kusubiria chakula. Lakini ikawa watu wanakuja kwa ajili ya karanga.

Na ujue filamu nyingine zote zilikuwa zinahitaji mtu wa kukueleza. Baadaye wakaja kina Lufufu wakawa wanatafsiri kwa sauti juu ya filamu, Kenya wana DJ Afro wao, na ile ni sanaa kamili inajitegemea. Bean hakumhitaji mkalimani. Hasemi. Akisema sana ni kunguruma jina lake mwenyewe, "Bean", kwa sauti ya chini kama chura kwenye mtungi. Mtoto wa darasa la pili, muuza maji, bibi aliyekuja kumtafuta mjukuu wake humo bandani ampige, wote wanacheka sekunde moja.

Hiyo haikuwa bahati, nimekuja kujua ukubwani. Rowan Atkinson, ndo anayemchezea Bean, alisomea uhandisi wa umeme, kwanza Newcastle kisha akaenda Oxford kwa digrii ya pili, na huko Oxford ndo huyu mtu akaanza kuzaliwa, jukwaani, kabla hajawa na jina. Akawa naye kwenye maonesho yake miaka ya themanini. Mwaka 1987 akaenda kwenye tamasha la vichekesho la Montreal, Kanada, akaomba awekwe usiku wa Kifaransa na sio wa Kiingereza. Waandaaji wakashangaa maana hakuwa na hata neno la Kifaransa la kusema. Yeye alichokuwa anakitaka ni kujua watu wasioshirikiana naye lugha watacheka au hawatacheka. Wakacheka. Huo ni uhandisi jamani, mtu kajaribu mashine kabla hajaitoa kiwandani. Kwa hiyo sisi wa Ngamiani tulikuwa tumeshahesabiwa kabla hata benchi hazijachongwa.

Jina lenyewe lilikaribia kuwa lingine. Walikuwa wanatafuta kwenye mboga mboga, na kulikuwa na wazo la kumuita Mr. Cauliflower, koliflawa. Mshukuru Mungu wakaishia kwenye maharage. Na ule wimbo wa mwanzo unaoimbwa kama kanisani, anapodondoka kutoka juu kwenye mwanga, ni Kilatini, kaandika Howard Goodall, na maana yake ni "tazameni mtu ambaye ni haragwe". Miaka yote nilidhani ni kitu kizito cha dini, mwalimu wetu mmoja wa madrasa alikuwa anatukataza kuusikiliza. Haragwe tu.

Sasa tuje kwenye boksi. Watu wengi hawajui, ila Mr. Bean ya watu halisi, sio katuni, ina vipindi 14 tu. Kumi na nne! Cha kwanza kimeoneshwa ITV ya Uingereza tarehe 1 Januari 1990, na cha mwisho kwenye TV ni Oktoba 1995, kile kingine cha kinyozi kikatoka kwenye kanda mwaka huohuo. Wanaosema 15 wanahesabu na mkusanyiko wa vipande bora. Kila kimoja kama dakika 25, kwa hiyo mtu mzima akiamua anamaliza yote kwa siku moja na chai ya jioni akanywa. Bandani tulikuwa tunabishana ziko mia, kuna jamaa aliapa ameziona mia mbili. Sababu ya kuonekana nyingi ni kwamba zimekatwakatwa. Kila kipindi kina visa viwili vitatu, na mwenye banda anakata kisa anakichanganya na kisa cha mkanda mwingine, na YouTube saivi wanafanya hivohivo, chaneli yao rasmi ina mamilioni ya wafuasi na ni bure na siisemi vibaya, wanangu wamekulia humo, lakini unapata kisa cha daktari wa meno kimeunganishwa na cha bwawa la kuogelea kimeunganishwa na katuni, na ukishamaliza bando umecheka ila huyu mtu humjui.

Hilo ndo nimelinunulia boksi hili bila kujua. Kipindi kizima sio kitu kimoja na vipande vyake.

Na aliyenionesha ni mama. Mama yangu Kiingereza hajui na hataki kujua, alikaa kwa sababu wajukuu walikuwa wamekaa. Kipindi cha kwanza kabisa kina visa vitatu. Cha mtihani, Bean amesoma trigonometria usiku kucha, anafungua bahasha anakuta kalkulasi, anaanza kumpiga chabo jirani yake kwa kila mbinu iliyowahi kutumika Tanzania hii na nyingine mpya, mwisho kumbe kwenye bahasha kulikuwa na karatasi mbili na ya trigonometria ipo, yeye hakuitoa. Wanangu wakafa kwa kicheko, mi pia, nimewahi kufanyiwa hivo na Mungu mwenyewe. Halafu cha kanisani. Bean anasinzia wakati wa mahubiri, na Atkinson anaulegeza ule mwili kidogo kidogo kama mshumaa, kichwa kinashuka, magoti yanashuka, mpaka paji la uso liko sakafuni na matako juu. Mama akasema kwa utulivu kabisa, "Huyo kashasujudu." Tukasimamisha mkanda. Nimecheka mpaka machozi. Akaendelea, "Ijumaa wakati wa hotuba wako kama yeye safu nzima, tofauti yetu sisi tunaegemea nguzo."

Usiku wa pili ndo kikaja kipindi cha pili, kile cha hoteli. Nadhani kila mtu anakijua kipande cha nyama: kaagiza kitu jina zuri kwenye menyu, kikaletwa ni nyama mbichi ya kusaga, sasa anaona aibu kuirudisha anaanza kuificha, kwenye bakuli la sukari, ndani ya mkate, kwenye mkoba wa mama wa meza ya jirani, na kwenye suruali ya mpiga fidla. Kipande hicho nimekiona labda mara hamsini maishani. Lakini mwanzo wake sijawahi kuuona, haki ya Mungu, bandani ulikuwa umekatwa na kwenye simu mi huwa naruka. Mwanzo wake, Bean anakaa mezani peke yake, anatoa kadi, anaiandika, anaitia kwenye bahasha, anaiweka mbele yake, anageuka anatazama pembeni, kisha anageuka tena na kushtuka kama mtu aliyefanyiwa sapraizi. Ni siku yake ya kuzaliwa. Kajiandikia kadi mwenyewe.

Watoto wakacheka. Mama akasema, "Huyu masikini hana kwao?"

Nikanyamaza. Toka hapo nikawa siangalii tena vichekesho, naangalia hilo swali lake. Na lipo kila mahali! Kipindi cha Krismasi cha 1992, wengi wanakijua kwa bata mzinga aliyemkwama kichwani, na kwa pale Harrods, lile duka kubwa la London, anapochezea lile pango la kuzaliwa Yesu, analeta dinosaria na roboti na magari hadi Mtoto Yesu inabidi ahamishwe kwa helikopta. Kichekesho kikubwa. Ila nyumbani usiku anaandika kadi za Krismasi, anatoka nje, anazitumbukiza kwenye mlango wake mwenyewe, anaingia ndani na kuzikuta. Anamnunulia zawadi dubu wake wa kushonwa, Teddy, anampa macho mapya ya vifungo. Na kuna mpenzi wake, Irma Gobb, kacheza Matilda Ziegler, anayetokea kwenye vipindi vitatu tu katika vyote, huyu dada kamuonesha pete dirishani kwa sonara, kamuonesha kwa kidole kabisa, na nyuma ya pete kuna picha kubwa ya tangazo, mwanaume na mwanamke wamependana. Bean anaingia dukani ananunua ile picha. Siku ya Krismasi anampa picha. Dada wa watu akabaki na tumaini la mwisho, kuna kiboksi kidogo cha pete, anafungua, ndani kuna kulabu ya kutundikia picha. Akaondoka analia, na hakurudi tena kwenye kipindi chochote kinachofuata. Kwenye YouTube baada ya hapo inakuja katuni. Kwenye boksi baada ya hapo inakuja vipindi vyote vya mbele bila yule dada, na we unajua kwa nini.

Kilichomuua mama kabisa ni kile cha mwaka mpya, cha 1994. Bean kaalika marafiki wawili. Kwanza mshangao kwamba anao. Hana cha kuwapa, kwa hiyo anakata vijiti vya mti dirishani anachovya kwenye ule uji mweusi wa Waingereza wa kupaka mkate, wageni wanatafuna mti, mvinyo ukaisha akamimina siki na sukari. Wageni wakavumilia wakashindwa. Alipoenda jikoni wakaisogeza saa mbele, ikagonga saa sita, heri ya mwaka mpya heri ya mwaka mpya, wakatoka mbio wakaingia nyumba ya jirani kwenye sherehe ya kweli. Mama akasema hao si watu, alafu akakaa kidogo akasema, "Ila na mie ningesogeza."

Na hapo ndo uzuri wake ulipo kwa maoni yangu. Bean sio mtu mwema. Kwenye vipande unadhani ni mjinga tu asiye na hatia, kumbe ukimuangalia mfululizo ana roho mbaya ya kitoto, anaharibu vitu vya watu anaondoka, anaibia kwenye mtihani, anamsingizia muhudumu wa hoteli ile nyama aliyoimwaga yeye (na adhabu anaipata hapohapo, anahamishiwa meza safi na kuletewa sahani mpya ya nyama ileile mbichi), na kile kigari cha bluu cha tairi tatu, Reliant, anakisukuma, anakibinua, anakinyang'anya nafasi ya kuegesha, miaka yote mitano, bila sababu yoyote na dereva wake hatumuoni hata sura. Mwanangu mdogo akauliza, "Baba kwa nini anaichukia bajaji?" Sina jibu. Atkinson mwenyewe amewahi kumuelezea Bean kama mtoto ndani ya mwili wa mtu mzima, na mtoto ukimuacha peke yake na nyumba na gari ndo unapata hiki. Unamuonea huruma na unamshukuru Mungu sio jirani yako.

Nilivyokuwa nawaza haya nikawa nalinganisha na wa kwetu, maana utamaduni wa mhusika mmoja anayerudi rudi hata sisi tunao tena mzito. Mzee Ojwang wa kipindi cha Vitimbi kule Kenya, mwenyewe alikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu aliyeongea lafudhi ya Kijaluo miongo yote hiyo mpaka anafariki 2015, watu wanamuita Ojwang tu, na ukimtaja Mama Kayai hapohapo lazima umtaje na yeye. Hapa kwetu Mzee Majuto, Amri Athumani, mtu wa Tanga mwenzangu, huyo hata abadilishiwe jina kwenye filamu ni Majuto yuleyule, mbishi na mwenye haraka. Kingwendu hivohivo. Halafu kuna aina nyingine, ya Joti na wenzake wa Ze Comedy, hawa wanabadilika, leo bibi kesho mtoto keshokutwa askari, unacheka kwa jinsi alivyogeuka. Bean yuko kundi la Ojwang na Majuto: suti ileile ya kahawia, tai ileile nyekundu, unacheka kwa sababu hajabadilika na dunia iliyomzunguka imebadilika. Tofauti moja kubwa sana ni kwamba wa kwetu wana ndugu. Ojwang ana mke wa kugombana naye, Majuto ana watoto na wakwe na wapangaji na mafundi wanaomdai, kichekesho chetu kinatokana na watu kujazana. Hakuna mtayarishaji wa Kitanzania ambaye angeandika mtu anayejitumia kadi mwenyewe, angekosa hata wa kumchezea jirani, maana jirani angeshaingia bila hodi. Ndo maana mama kauliza swali lile na Waingereza sijui kama wamewahi kuliuliza.

Maana wao walikipenda balaa. Kipindi cha daktari wa meno, kile anachoanza kwa kuvaa nguo na kupiga mswaki huku anaendesha gari, kiliangaliwa na watu milioni 18.74 Uingereza, na cha kwanza kile cha mtihani na kanisa kilichukua tuzo ya Rose d'Or pale Montreux mwaka 1990. Miaka 22 baada ya kuanza, kwenye ufunguzi wa Olimpiki London 2012, nchi nzima ina Shakespeare ina Malkia ina kila kitu, katikati wakamuweka Bean na orkestra anapiga noti moja kwa kidole kimoja huku amechoka. Na mimi sebuleni Kinondoni nilisimama nikapiga makofi kama ni ndugu yangu kashika mwenge.

Nisije nikaonekana nimelipwa, kuna vipindi havijanibamba. Kile cha uwanja wa mabembea na mtoto mchanga wa watu kimenichosha, kirefu, na nilikuwa nawaza mama wa yule mtoto muda wote. Kile cha gofu kinatembea mahali pamoja. Kwa ujumla kuanzia 1994 unaona visa vinakuwa vikubwa, vina magari na vifaru vya jeshi na baruti, na udogo ule wa mtu na sandwichi yake unapungua. Vya mwanzo vinanishinda nguvu mpaka leo: benchi moja, Bean mmoja, anakata mkate kwa mkasi, anapaka siagi kwa kadi ya benki, anakausha saladi kwa kuizungusha ndani ya soksi, jirani yake, kacheza Angus Deayton, kazi yake ni kutazama tu, na hiyo ni dakika kadhaa za televisheni bila kitu kingine. Ila hata vya mwisho vina mambo, kile cha kifaru nilikisahau kabisa, Mini yake inasagwa kwelikweli, mwanangu mdogo akaenda kulala analia tukamwambia atapata nyingine. (Kapata. Kipindi kinachofuata anayo, hawajaeleza.)

Kicheko cha watu wa nyuma pia kitawasumbua waliozoea mambo ya siku hizi. Sio cha mashine, ni watu halisi walioletwa studio, lakini wanacheka kwa nguvu sana na sehemu nyingine mama alikuwa anawakemea.

Vya ziada vilivyomo: kuna makala ya kama dakika arobaini ya historia ya Bean, hiyo muangalie wakubwa wakati watoto wamelala maana ni maneno matupu. Kuna visa ambavyo havikuwa kwenye vipindi, cha maktaba na cha kituo cha basi. Cha maktaba peke yake kinalipa nauli ya boksi: kapewa kitabu cha kale cha thamani akione, mwenye maktaba anamwambia kwa ishara asifanye kelele, na dakika chache kakiharibu kwa wino mweupe wa kufutia na wembe, kimya kimya, jasho linamtoka. Mi nimefanya kazi stoo ya nyaraka miaka mitatu, nilikuwa nashika kichwa. Na kuna vile alivyofanya kwa ajili ya harambee ya Comic Relief, kimoja anaenda kwenye kipindi cha kutafutiwa mchumba, kingine anateleza kwenye barafu.

Kwa hiyo kama una watoto wa kuwatuliza Jumamosi, usihangaike na maboksi, weka bando, chaneli yao inatosha na nyingine inabaki. Kama uliwahi kukaa kwenye benchi la banda na hamsini yako mkononi, agiza, tena anza na kile cha kwanza uende mpaka mwisho kwa mpangilio wake, usiruke ruke, na yale mapengo kati ya kichekesho na kichekesho usiyasogeze mbele. Nyota nne. Moja nimeikata kwa ajili ya rijini.

Diski tatu nimeshaazimisha kwa jirani. Ile yenye Krismasi mama kaondoka nayo Tanga, anasema kuna shoga yake barabara ya kumi na mbili anaishi peke yake, anataka wakaiangalie wote.